Kwamboka Aliyelinyima Faili Jina la Nyanya

Dada yangu alishikwa na uchungu akiwa katikati ya mto Gucha, maji yamemfika kiunoni, na mtoto akazaliwa ng'ambo juu ya majani kabla mkunga hajafikiwa. Ndiyo maana akaitwa Kwamboka, kwa kuwa kwetu jina hilo ni la kuvuka mto. Watu husema mtoto hufuata jina lake. Mimi nasema huyu hakufuata kitu. Tangu siku ile amekaa upande wake wa mto, akiwatazama waliobaki ng'ambo na kuwauliza wanangoja nini.

Mimi ni mjomba wake, Machogu, dereva wa lori la ushirika. Kama ulipanda mbegu ya mahindi ya ushirika wetu katika miaka ile ya sitini na sabini, mbegu yako niliibeba mimi, na kama shamba lilistawi unajua wa kumshukuru. Nilisoma mpaka darasa la sita, nikaacha kwa hiari yangu na kwa furaha ya mwalimu. Kwa hiyo haya mambo ya mashine nitakayosimulia sikuyapata kwenye vitabu. Niliyapata kwa macho na masikio, nikiwa nimeegemea mlango wa ofisi na kikombe cha chai mkononi, na niliyaelewa. Anayebisha aje tubishane.

Kwamboka alianza shule mwaka uleule tulioanza kujitawala. Wasichana walikuwa wakiketi nyuma, karibu na mlango, ili wakiitwa nyumbani kubeba mtoto waondoke bila kusumbua watu wenye akili. Yeye siku ya kwanza akaketi mbele, kando ya dirisha. Mwalimu akamwambia, "Wewe, hapo pana mwenyewe." Akajibu, "Sikumkuta." Alichapwa, akarudi palepale. Baba yake, Obadiah, Msabato wa kunyooka, alinijia akilalamika kwamba binti yake amerithi kichwa kutoka kwetu. Nilimwambia amshukuru Mungu, maana kwao vichwa vilikuwa vya kuwekea kofia tu.

Alimaliza shule, akasomea upigaji chapa mjini Kisii, akaajiriwa na ushirika. Alikuwa anapiga taipu kama mvua ya alasiri kwenye bati, mfululizo bila huruma. Hakuolewa upesi. Akina mama walipomuuliza anangoja nini, alisema anangoja mwanamume atakayeuliza jambo jingine.

Halafu, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, wafadhili wa Ulaya wakaleta mashine. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo la tajiri, na iliwekwa chumba cha nyuma ambako zamani tulihifadhi dawa ya ng'ombe. Ilikuwa na midomo miwili, yaani vituo viwili vya kuchapia, kila kimoja na kibodi na karatasi ndefu inayotoka juu kama ulimi. Kwamboka alipelekwa Nairobi kufundishwa, pamoja na kijana mmoja wa hesabu aitwaye Ongeri. Huyu Ongeri alikuwa mtu wa utani, mwenye nywele nyingi za mtindo wa siku hizo, na alimwita Kwamboka "dada" ingawa undugu wao ulihitaji wazee na asubuhi nzima kuueleza.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Mashine ile haikuwa na akili. Ilikuwa na utii. Unaiandikia amri mstari kwa mstari, unaziweka pamoja, na mkusanyiko huo wanauita hati. Ndani ya mashine yumo msomaji, wao humwita ganda. Ukitaja jina la hati, ganda linasoma mstari wa kwanza na kuutenda, linasoma wa pili na kuutenda, mpaka mwisho, kama karani aliyeapishwa. Hati moja ya Kwamboka ilichukua maagizo ya wakulima wa Nyansiongo, ikayapanga, ikayajumlisha, kisha ikachapa orodha ya kupakia lori langu.

Lakini hati haiwezi kushika kila kitu mkononi. Mwanamke anayepepeta wimbi hamwagi chini wakati anapumzika, anaweka kwenye ungo. Ungo wa hati ni faili la muda. Linazaliwa kazi inapoanza na linauawa kazi inapokwisha, na katikati hapo limebeba kila kitu. Mafaili hayo yote yalikaa chumba kimoja ndani ya mashine, jina lake /tmp, chumba cha umma kama uwanja wa soko. Yeyote anaingia, anaweka mzigo, anaondoka. Na mzigo lazima uwe na jina.

Mzungu aliyewafundisha alisema tu, "Lipeni jina mtakalolikumbuka." Ungemwambia hivyo mtu wa kwao, angeandika *kazi* au *moja*. Aliwaambia Wakisii. Kwetu kinachozaliwa hupewa jina la aliyekwisha kutangulia, ili jina lisipotee duniani. Kwamboka akaliita faili lake *bosibori*, jina la nyanya yake mzaa baba. Ongeri, kwenye kiti chake, bila kuulizana, akaliita lake kwa jina la nyanya yake. Naye nyanya yake alikuwa Bosibori. Usishangae. Nenda Suneka siku ya soko, rusha jiwe: ukimkosa Bosibori utampata mjukuu wake.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, maana walikuwa wakifanya kazi kwa zamu. Kisha ikafika Februari, kila mtu anataka mbegu kabla ya mvua, na wote wawili wakawa wamekaa vitini asubuhi moja. Hati ya Kwamboka ikaweka maagizo ya Nyansiongo ndani ya *bosibori*. Kabla haijachapa, hati ya Ongeri ikaja na maagizo ya Suneka, ikakuta *bosibori* yupo, na ganda halikuuliza huyu ni nyanya wa nani. Lilifuta lililokuwamo likaandika juu yake. Hati ya Kwamboka iliporudi kwenye ungo wake, ikachukua ilichokikuta, ikachapa juu kabisa neno NYANSIONGO, na chini yake mbegu za Suneka.

Nikapakia. Nikaenda.

Nyansiongo ni juu, mashamba yaliyokuwa ya walowezi, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Kule hupandwa mbegu zenye namba za mia sita, zinazokaa shambani muda mrefu na kuvumilia. Suneka ni chini, kuna joto, wao hupanda za mia tano. Ukibadilisha, hutakufa, lakini utavuna vichekesho.

Wa kwanza kupokea alikuwa mama Esnah, mjane mwenye shamba katika mradi wa makazi, mwanamke aliyesukuma ng'ombe wa gredi, wale wakubwa wa kizungu, kwa goti wasimpite. Akaugeuza mfuko, akasoma namba.

"Dereva, hii umeitoa wapi?"

"Kisii, mama. Kila kitu kizuri kinatoka Kisii, hata mimi."

"Basi rudini wote wawili. Hii ni mbegu ya watu wa Suneka. Hapa baridi itaikalia mpaka ijute kuota."

"Karatasi inasema Nyansiongo."

"Karatasi haijawahi kulima. Geuza lori."

Nikageuza lori. Mimi, Machogu, ninayeweza kupandisha mlima wa Keroka kwa gia ya tatu huku nikitafuna muwa, nikageuzwa na mjane mbele ya watu, na bado wakaniuliza kama nimesahau kitu.

Mjini, meneja alikuwa ananingoja. Josiah Makori hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu wa tai, na tai humbana mtu shingo mpaka damu isifike vizuri kichwani. Wafadhili walikuwa wamesema watakuja kuitazama mashine yao. Makori hakuweza kuiambia kamati ya ushirika kwamba mashine ya watu imechanganya mbegu. Ilibidi aliyechanganya awe na miguu.

Akatuita ofisini, Kwamboka, Ongeri na mimi.

"Orodha iliyokosea ni ya nani?" akauliza.

"Iliyochapwa kwa jina langu," akasema Kwamboka. "Lakini sikukosea mimi, wala Ongeri. Majina ya mafaili yetu yamegongana. Nipe siku nikuonyeshe."

"Mimi sitaki kuonyeshwa. Wiki ijayo tuna mkutano Nyansiongo. Utasimama mbele ya wakulima, utaomba msamaha, na baada ya hapo utarudi kwenye taipu. Kiti cha mashine atakaa mwanamume mwingine."

"Na Ongeri?"

"Orodha ya Ongeri ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa kwa sababu alichelewa. Angewahi yeye, ningekuwa mimi niliye sawa."

Ongeri akakohoa. "Bwana Meneja, hapo dada anasema kweli."

"Sikukuuliza."

Kwamboka akasimama. Nilimwona akifanya kile alichofanya kando ya dirisha akiwa mdogo, anashusha mabega kama mtu anayeketi hata kama amesimama. "Taipu naijua, hainiogopeshi. Lakini siwezi kuomba msamaha kwa jambo litakalotokea tena wiki itakayofuata nikiwa sipo. Mkutano nitakuja. Nitakuja na hati yangu, na nitaiendesha kwenye mashine ya kule, mbele yao. Ikichanganya mbegu hata ya mkulima mmoja, nitaomba msamaha na nitakupigia taipu mpaka nizeeke. Isipochanganya, siombi kitu na sitoki kitini."

Makori alicheka kwa pua. Alijua kwamba mashine ya ghala la Nyansiongo ilikuwa nyingine, ndogo, kuukuu, ya kampuni tofauti. Hati nyingi za Kisii zilipofika kule zilikataa kama ng'ombe aliyehamishwa malisho. "Nimekubali ulichosema," akamwambia. "Mjomba wako ni shahidi."

"Mimi ni shahidi," nikasema, "na nikiitwa tena nitaongeza mengine."

Basi akaanza kazi. Dawa ya kwanza aliyoitunga ilikuwa rahisi. Kila kazi inayoanza ndani ya mashine hupewa namba yake, na hati inaweza kujua namba yake yenyewe kwa kuandika alama mbili za dola, hivi: $$. Akafuta *bosibori*, akaandika *mbegu$$*, faili likawa linaitwa mbegu na namba ya kazi hiyo. Hati mbili haziwezi kuwa na namba moja kwa wakati mmoja. Akaniita kuniringia.

Ongeri alikuwa kwenye kiti chake anakula mahindi ya kuchemsha. "Dada," akasema, "kazi yako ya mwisho ilikuwa namba ngapi?"

Akamtajia.

"Namba zinapanda kwa mfuatano, au siyo?" Akafuta vidole, akagonga kidogo kibodi. "Endesha tena."

Kwamboka akaendesha. Orodha ikatoka. Juu iliandikwa NYANSIONGO, na chini, badala ya mahesabu ya mbegu, mstari mmoja: *Salamu kutoka kwa nyanya.*

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Yule mshenzi alikuwa amekisia namba zinazokuja, akatangulia kuyaandaa mafaili yenye majina hayo, yote yake, amri yote mkononi mwake. Hati ya Kwamboka ilipofika ikakuta faili limeshazaliwa na lina mwenyewe. Ikajaribu kuandika ndani, ikazuiwa. Ikajaribu kusoma, ikaruhusiwa, ikasoma utani wa Ongeri na kuuchapa kama ukweli.

Kwamboka hakucheka. Alikaa akiitazama ile karatasi, mkono shavuni.

"Umeniudhi," akasema.

"Afadhali nikuudhi mimi hapa kuliko Makori kule."

"Nimesema umeniudhi, sikusema umekosea. Sogeza hayo mahindi."

Nikataka kuwasaidia. Nikasema, "Kabla ya kuingia, hati iangalie kama jina limekaliwa."

"Mjomba," akasema Kwamboka, "choo cha soko la Suneka unakijua?"

"Nakijua sana."

"Ukichungulia ukaona hakuna mtu, kisha ukageuka kumpa mwenzako mzigo akushikie, ukirudi utakuta nini?"

"Nitakuta mtu ameingia."

"Basi. Kuchungulia si kuingia. Nataka kitu ambacho kuingia na kufunga komeo ni tendo moja."

Akatafuta siku mbili tatu, anaandika na kufuta. Kumbe jibu lilikuwa amri ya kila siku, mkdir, ya kujenga chumba ndani ya mashine. Faili lililopo ganda linaliandika juu bila aibu, lakini chumba kilichopo mkdir haikijengi mara ya pili. Inakataa, na inasema imekataa. Hakuna kuchungulia. Unajenga, ukifanikiwa ni chako, ukishindwa kina mwenyewe. Na ndani ya chumba chako unaweza kuliita faili lako jina lolote, hakuna wa kugongana nawe.

Mistari yenyewe ninayo mpaka leo kichwani, mimi wa darasa la sita:

umask 077
d=/tmp/mbegu$$
mkdir $d || exit 1
trap 'rm -rf $d' 0
trap 'exit 1' 1 2 15

Wa kwanza unasema: nitakachojenga, wengine wasifungue. Wa pili unatunga jina. Wa tatu unajenga, na ukikataliwa unaacha kazi hapohapo. Ongeri aliuliza kwa nini kuacha, si aibu? Kwamboka akamwambia aibu ni kumpelekea Esnah mahindi ya Suneka. Hati iliyoacha kazi unaiona. Iliyodanganya unaipakia kwenye lori. Miwili ya mwisho ni kiapo: kazi ikiisha vizuri, au mtu akiikatiza njiani, chumba kibomolewe, takataka zisibaki. Stima ikikatika hapo kiapo hakisaidii, alikubali mwenyewe, maana maiti haifagii.

Mimi niliona kasoro nikasema. Nikamwambia kiapo kiwe juu kabisa, kama sala. Akatikisa kichwa. "Nikiapa kubomoa kabla sijajenga, na kumbe chumba ni cha mwingine, nitakataliwa kuingia kisha nibomoe nyumba ya jirani kwa heshima ya kiapo." Nikakubali. Sikubali mara nyingi, kwa hiyo nalitaja.

Ongeri naye alitengeneza yake. Yule Mzungu aliwaachia Kisii kiprogramu kidogo alichokiandika mwenyewe, ukikiita kinakutungia jina la ajabu ajabu lisiloweza kukisiwa. Ongeri akakitumia, hati yake ikawa mistari miwili tu, safi, na alimcheka Kwamboka kwa kujenga nyumba nzima kwa ajili ya ungo.

Siku ya mkutano niliwapandisha Nyansiongo katika lori, Kwamboka na Ongeri mbele pamoja nami, Makori akitutangulia kwa gari lake dogo ili atutimulie vumbi. Ghala lilikuwa nyumba ya zamani ya mlowezi, na mashine iliwekwa kwenye chumba ambamo zamani walikuwa wakila, karibu na meko ya mawe. Wakulima walijaa mpaka kwenye veranda. Mama Esnah alikuwa amechukua kiti cha mbele, mkoba mapajani.

Makori akafungua kwa sala, halafu akafungua na mdomo. Alisema ushirika umeumizwa na uzembe. Alisema mwenye uzembe yupo hapa na atasimama kuomba radhi. Kwamboka alikuwa tayari ameketi mbele ya mashine, ameingiza hati zote mbili, yake na ya Ongeri, na hakusimama.

Makori akaona haitoshi, akagusa palipo na moto. "Na nyie wazazi mjue jambo jingine. Faili lake lilikuwa na jina la heshima, jina la nyanya yake, Bosibori. Hata mimi nyanya yangu ni Bosibori. Msichana huyu amelifuta. Ameweka namba. Amemtoa nyanya yake nje akaweka namba kama za mahabusu."

Hilo neno ni zito kwetu. Wazee wawili waliinua vichwa.

Kwamboka akageuka kitini. "Kwetu jina la aliyekufa hupewa nani?"

Nikajibu mimi. "Mtoto."

"Mtoto tunayetaka aishi, azeeke, ajulikane. Hili faili nalizaa asubuhi nikijua kabla ya chai nitaliua. Nani hapa humpa kuku wa wageni jina la mama yake?"

Mama Esnah ndiye aliyeanza kucheka, polepole, mabega kwanza. Kisha veranda ikacheka.

"Mimi ndiye niliyelipa jina lile," Kwamboka akaendelea, "na nikalifuta mimi, kwa sababu tulikuwa tukimuua Bosibori kila siku, wangu na wa Ongeri, na siku moja tukamuua mmoja huku mwenzake angali anamhitaji. Nyanya yangu jina lake nitampa mtu. Sasa mniache nifanye kazi."

Makori akasema, "Fanya. Fanya zote mbili kwa pamoja kama siku ile, Suneka na Nyansiongo. Ongeri, anza na yako."

Mashine ile ndogo ilikuwa na mdomo mmoja, lakini inajua kufanya kazi moja nyuma ya nyingine inapoendelea. Ongeri akaita hati yake. Karatasi ikasogea kidogo, ikachapa mstari mmoja mfupi, ikasimama. Alikuwa ameita kile kiprogramu cha Mzungu, na mashine ya Nyansiongo haikuwahi kumwona huyo Mzungu wala kusikia habari zake. Ilisema haijui amri hiyo.

Ongeri akakuna nywele zake nyingi. Akainama karibu na Kwamboka, lakini mimi nilikuwa palepale nikasikia.

"Dada, nipe ile nyumba yako."

"Ipi? Ile uliyoicheka?"

"Hiyohiyo."

"Iombe kwa sauti. Meneja yuko mbali."

Ongeri akanyoosha mgongo akasema mbele ya watu wote, "Naomba mistari ya Kwamboka. Yangu inajua kuishi Kisii tu." Na nitamsifu kwa hilo, kwa sababu wanaume wengi wa umri wake wangesema mashine ni mbovu.

Kwamboka akaihamisha mistari mitano kwenye hati ya Suneka, neno kwa neno. Mkdir ilikuwapo kule, kama inavyokuwapo kila mahali, maana alichagua kwa makusudi vitu ambavyo hakuna mashine inayozaliwa bila kuwa navyo. Kisha akaziita hati zote mbili pamoja, ya Suneka nyuma, ya Nyansiongo mbele, na mdomo ukaanza kupiga kelele.

Tulingoja. Makori alikuja akasimama nyuma ya kiti, karibu kabisa, mikono nyuma. Namba za Nyansiongo zikatoka. Mama Esnah aliletwa mbele, akainama, akasoma kwa kidole.

"Mia sita," akasema. "Mia sita kumi na moja. Hii ni yetu." Akateremsha kidole. "Na hii. Yote yetu."

Karatasi ikaendelea, ikaandika SUNEKA, na za mia tano zikafuata, hakuna iliyovuka. Ongeri akaingia kwenye /tmp kutazama. Palikuwa peupe.

Watu wakaanza kusemezana. Makori akainua mkono. Nilimwona anatafuta njia ya kurudi mjini na tai yake ikiwa imenyooka. "Vizuri," akasema. "Sote tumefurahi. Sasa, Kwamboka, kwa ajili ya amani, sema pole kidogo tu. Neno moja. Kiti utabaki nacho."

"Hapana."

"Neno moja, binti yangu. Wageni wanakuja, kamati inasubiri niwaletee jambo."

"Waletee orodha. Tulipatana, na shahidi ni mjomba wangu. Nikisema pole leo, kesho mbegu ikipotea njiani utanitafuta mimi, kwa kuwa mimi ndiye aliyezoea kusema. Sikukosea peke yangu na sitaomba msamaha peke yangu. Ukitaka tuombe sote, anza wewe, maana mashine yenye chumba kimoja kwa watu wote uliipokea wewe. Ongeri atafuata, na mimi wa mwisho."

Makori akatazama wakulima kama mtu anayetafuta mahali pa kuketi. Mama Esnah alikuwa anafunga mkoba wake.

"Meneja," akasema, "mimi pole siwezi kuipanda. Mvua inakuja. Mwambie dereva lini mbegu inafika, na umwache msichana afanye kazi."

"Kesho," nikasema mimi, kabla hajajibu. "Kesho kabla hamjakamua ng'ombe."

Makori akakaza tai. Halafu akasema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Basi. Aendelee na kiti." Kamati haikuulizwa kamwe.

Kwamboka alikuwa ameiamuru mashine ichape nakala ya orodha kwa ajili ya lori langu, na mdomo ulikuwa haujamaliza. Karatasi ilikuwa inashuka bado, imefika sakafuni, imejikunja kuzunguka miguu ya watu. Kwamboka akaivuta, haikuja. Akatazama chini.

"Bwana Meneja," akasema, "inua mguu. Umekanyaga mbegu ya watu."

Akainua.